Mkono Ulioitika Kabla ya Kushika

Roboti yetu ilikuwa na sura mbaya, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa wazazi wake. Mwili wake ulikuwa kipande cha plaiwudi tulichokikata katika karakana ya useremala. Magurudumu mawili ya mbele yalitoka kwenye sanduku la vifaa vya mradi fulani uliokwisha zamani, na lile dogo la nyuma lilitoka kwenye kitanda kibovu cha zahanati. Juu yake ulisimama mkono wenye vidole viwili vya bati. Ungeiona pembeni ya darasa ungedhani ni kitu ambacho fundi alianza kukitengeneza, akaitwa kula, asirudi. Lakini siku iliposogea kwa mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka wanafunzi wa ushonaji wakaacha vyerehani wakaja kuchungulia dirishani. Walitegemea kuona nyoka.

Hiyo ilikuwa Ngara mjini, miaka ile Warundi walipoanza kuvuka tena. Nasema tena kwa sababu kwetu wakimbizi si habari mpya. Wimbi kubwa la kwanza lilinikuta mtoto mdogo kule Murukulazo, na ninachokumbuka ni moshi wa kuni kila upande, na mama akisonga ugali kwenye sufuria ya harusi wakati hapakuwa na harusi. Sasa nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi, na malori yalikuwa yakipita tena kutoka Kabanga yakiwa yamebeba watu, magodoro na masufuria. Walipelekwa kwenye kituo cha muda nje kidogo ya mji. Wakishaandikishwa walipakiwa kwenye mabasi, wakapitia Nyakanazi kwenda makambini huko Kibondo. Mama alipoyaona malori alisema tu, "Wamerudi," akaenda kutafuta ile sufuria.

Mzazi wa pili wa roboti, huyu mwenzangu, aliingia darasani kwangu siku moja mchana, mwanamke wa umri wangu hivi, amevaa koti la kiume na kitenge. Alikuwa na ruhusa ya kutoka kituoni mchana na kurudi kabla geti halijafungwa. Alinisalimia kwa Kiswahili cha Bujumbura, kile kinachotembea kwa haraka, kisha akauliza, "Mwalimu, samahani, hii kompyuta yako inasoma flashi?"

Nikamwambia inasoma, ikiwa na hali nzuri siku hiyo.

Akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge, mahali ambapo mama zetu hufunga hela za sokoni, akatoa kifuko cha nailoni, na ndani ya kifuko kulikuwa na flashi. Alivuka nayo mpakani hivyo, usiku na mchana, mtoni na barabarani. Ilipofunguka kwenye skrini alivuta pumzi ndefu akakaa bila kukaribishwa.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu. Kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa programu za roboti inayobeba kopo la dawa kutoka dirisha la mfamasia hadi kitandani kwa mgonjwa, kwa ajili ya wodi ambazo muuguzi hatakiwi kuingia ovyo. Alikuwa amemaliza kuandika. Alibakiza siku ya kusimama mbele ya walimu, kuionyesha kazi ikifanya kazi, kuulizwa maswali na kuambiwa amefaulu au ameshindwa. Juma hilo ndipo mji wao ulipochafuka.

"Cheti sitakipata, hilo nimeshalimeza," aliniambia. "Lakini hata kama kazi yenyewe ilifaa, sijui. Hakuna aliyeniambia. Nataka niione inafanya, mbele ya watu wenye haki ya kunikatalia. Mara moja tu, kabla ya basi."

Basi hapo ndipo nilipoingia. Sikujua lolote kuhusu roboti. Nilijua kufundisha watu kuandika barua kwenye kompyuta na kujumlisha mauzo ya duka. Lakini lile sanduku la mradi lilikuwa limekaa stoo tangu kabla sijaajiriwa, lina mota, betri, waya na kikompyuta cha ukubwa wa kiganja, na kila nilipolitazama nilikuwa natamani mtu wa kunifungulia akili. Sasa mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Nilikimbia kwa mkuu wa chuo kuomba funguo, na njiani nikajikuta nacheka peke yangu.

Mkuu wetu alikuwa mzee mkavu. Ukimwamkia anaitika marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, na katika chuo kizima hakuna aliyewahi kumsikia akimsifia mtu. Alinisikiliza, akanipa funguo, akasema, "Kikiharibika utakitengeneza."

Jambo la kwanza aliloniambia huyo dada lilinishangaza. Nilidhani roboti ina programu moja kubwa inayoamrisha kila kitu. Akasema sivyo. Ni programu nyingi ndogondogo, kila moja na kazi yake. Moja inaendesha magurudumu, nyingine inaendesha mkono, nyingine inatazama. Magurudumu hayajui mkono unafanyaje kazi, na wala hayatakiwi kujua. Yakitaka kopo lishikwe yanapeleka ombi, kisha yanasubiri jibu. Anayeomba na anayejibu wanakubaliana kwanza kwenye kijifaili kimoja kifupi. Unachora vistari vitatu vifupi katikati. Juu yake unaandika kitakachoombwa, chini yake unaandika kitakachojibiwa. Basi. Mengine kila mtu anayamaliza chumbani kwake.

Tulianza na zoezi la kitoto ili nielewe. Programu moja inapeleka namba mbili, nyingine inazijumlisha na kurudisha jibu. Nikafungua dirisha moja kwenye skrini nikamwamsha mwenye kujibu. Akakaa kimya, anasubiri. Nikafungua dirisha la pili nikamwamsha mwenye kuomba, nikampa mbili na tatu, nikabonyeza. Ikatokea tano.

Nilijua tangu darasa la kwanza kwamba mbili na tatu ni tano. Hata hivyo niliruka kutoka kwenye kiti. Programu mbili ambazo hazionani, ambazo niliziandika siku mbili tofauti, zilikuwa zimezungumza! Nikaijaribu tena na tisa na nane. Nikaijaribu na namba za ajabu. Nikamwita mwalimu wa ufundi magari, Msukuma wa Shinyanga mwenye mwili mkubwa na mdomo usiopumzika, aje aone. Akatazama skrini, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo mwalimu," akasema, "umeajiriwa na serikali, una mshahara, na leo umepata tano."

Tulimfukuza. Lakini kesho yake alirudi, akavuta kigoda, akauliza kwa sauti ya chini kama programu ile inaweza pia kutoa.

Niligundua mapema kwamba yule anayeomba akiamka kabla ya anayejibu, kazi yote inakwama. Anaita mahali ambapo hakuna mtu. Dada akanifundisha kuandika mstari unaomwambia mwombaji abishe hodi kwanza, asubiri mpaka mwenyeji awepo ndipo atoe shida yake. Hilo lilinikaa vizuri. Nani anaanza kueleza shida kabla ya kukaribishwa?

Tukagawana. Yeye alishika magurudumu na safari nzima. Mimi, mwanafunzi wa juzi, nikapewa mkono. Kazi yangu ilikuwa kuandika yule anayejibu. Ombi likija, "shika kopo," vidole vifunge, jibu lirudi. Niliiandika kwa siku kadhaa nikiwa na furaha ambayo naona aibu kidogo kuieleza. Nilikuwa nikitembea barabarani nafikiria vidole. Nilikuwa nikila huku natazama jinsi vidole vyangu vinavyoshika kipande cha ndizi, nikimkera kila aliyekaa nami mezani.

Ndipo tukaiunganisha yote, tukaweka kopo tupu la maziwa ya unga juu ya tofali, tukaiwasha.

Roboti ikaenda mpaka kwenye kopo. Ikasimama. Magurudumu yakaomba, mkono ukajibu ndiyo, na papo hapo roboti ikageuka kuondoka, vidole vikiwa ndiyo kwanza vinaanza kufunga. Kopo likagongwa likaanguka, likabingirika mpaka mlangoni. Roboti ikaendelea na safari kwa heshima zote, ikafika kitanda cha mgonjwa, ambacho kilikuwa benchi, ikafungua vidole vyake vitupu na kutua hewa.

Tulicheka. Mara ya pili tukacheka kidogo. Kisha hatukucheka tena.

Tulidhani ni mota dhaifu, tukabadilisha mota. Tulidhani ni betri, tukaazima betri ya pikipiki. Tulikaza skrubu, tukabandika vipande vya mpira wa tairi kwenye vidole. Umeme wa mji nao ulikuwa wa jenereta, ukikatika wakati wowote, na kila ukikatika nilihisi umenikatikia mimi. Mwalimu wa magari alikuja, akazunguka ile mashine mikono nyuma, akasema gari lenu halina breki ya mkono. Nina hasira za karibu. Nilimwambia arudi kwenye matairi yake. Akaondoka akipiga mluzi.

Nikamgeukia mwenzangu. "Magurudumu yako yana haraka."

"Magurudumu yangu yanaondoka yakiambiwa yaondoke," akajibu. "Mkono wako ndio unayaambia."

"Mkono wangu unafanya kazi. Tazama, unafunga!"

"Unafunga baada ya mazishi."

Tulinuniana mpaka alipoondoka kurudi kituoni. Nilikaa peke yangu nikiusoma mkono wangu mstari kwa mstari, na kila mstari niliuona mzuri. Yeye pia alikuwa amekwisha kuusoma, zaidi ya mara moja, na hakuona kosa.

Asubuhi alipokuja sikuhitaji kuuliza. Uso wake ulikuwa umeshuka. Majina yalikuwa yamesomwa kituoni. Basi ambalo tulijua ni la juma lijalo lilikuwa limesogezwa, na yeye alikuwa ndani yake. Kesho, alfajiri.

"Basi leo," nikasema.

"Leo nini? Haishiki."

"Leo. Naenda kuwaita watu wa kukuhoji. Saa kumi. Wewe kaa na mashine."

Sikumpa nafasi ya kubisha. Nilimwendea mkuu wa chuo, nikamwamkia, nikamweleza kila kitu kwa pumzi moja. Nilimwomba awe mwenyekiti wa mtihani. Nikasema mwalimu wa ushonaji atakuwepo, na mwalimu wa magari. Akaniuliza mashine inafanya kazi? Nikasema saa kumi itakuwa inafanya. Akasema, "Nitakuja saa kumi. Sitakuja kupiga makofi."

Kilichotuokoa ni pasi ya mkaa.

Mwalimu wa ushonaji, mama mmoja mnene wa Nyakisasa, mwimbaji wa kwaya ya parokia, alikuwa anahamisha meza yake ya kupigia pasi kutoka juani kwenda kivulini. Meza ilikuwa na pasi juu yake, imejaa mkaa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Akamwita mwenzangu kwa sauti kutoka uani aje ashike upande wa pili.

"Karame!" mwenzangu akaitika, hapo hapo, huku amepiga magoti sakafuni na waya mbili mkononi.

Kwetu mtu akiitwa huitika hivyo, kwa Kihangaza na kwa Kirundi, kwa sababu lugha zetu ni majirani wanaoazimana chumvi. Na lazima itoke upesi, hata kama mikono yako iko ndani ya unga. Kumwacha mkubwa aite mara ya pili ni kosa ambalo wengi wetu tulilichapiwa. Ukishaitika, unamaliza ulichoshika, kisha unakwenda.

Mwenzangu aliitika, akaendelea kusokota waya zake. Kule nje mama akasikia ameitikiwa, akajua mtu yuko upande wa pili wa meza, akainua upande wake.

Tulisikia kishindo, kisha tukasikia jina la Mama Bikira likiitwa kwa namna isiyo ya kwaya. Tulikimbia. Pasi ilikuwa chini imefunguka, makaa mekundu yametapakaa uani, na mama wa watu anarukaruka kukwepa, sketi ameikamata kwa mikono miwili.

"Nimekuita, umeitika!" akamfokea. "Umeitika, nami nikainua! Kumbe mtu mwenyewe bado yuko ndani! Ungekaa kimya ningejua niko peke yangu!"

Mwenzangu alikuwa ameanza kuomba radhi. Akaacha katikati. Akanigeukia, nami nilikuwa nimeshamgeukia yeye.

"Mkono," akasema.

"Mkono!" nikasema.

Tukamwacha mama wa watu na makaa yake. Najua si ustaarabu, na alitukumbusha baadaye. Tulikimbilia kwenye kompyuta tukigombania kiti, nikaufungua mkono wangu, na pale pale juu, kwenye mistari ya mwanzo kabisa, kosa lilikuwa limekaa linanitazama. Ombi likifika, mkono ulikuwa unarudisha ndiyo kwanza. Baada ya hapo ndipo ulipoanza kufunga vidole. Na haikuwa bahati mbaya. Nilihangaika sana kuuandika hivyo. Nilizungukia mlango wa nyuma ili jibu litoke upesi na kazi ifuate, kwa sababu niliona ni vibaya kumweka anayeomba amesimama anasubiri. Nilijisifu hata. Na mwenzangu alipousoma aliona ni sawa kabisa, maana naye alilelewa na mama wa aina ile ile.

Mkono ulikuwa unasema nimekusikia. Magurudumu yalikuwa yanasikia nimemaliza.

"Chini ya vistari vitatu hatukuandika 'nimekusikia'," mwenzangu alisema, anacheka na machozi yanamtoka. "Tuliandika 'limeshikwa'. Mpaka lishikwe, huna cha kujibu. Nyamaza, mwanangu, shika kwanza!" Alikuwa anausemesha mkono.

Niliukata ule mstari wa jibu nikaubandika mwisho kabisa, baada ya vidole kufunga. Nikafuta ule mzunguko wangu wa mlango wa nyuma, kazi ya siku mbili, kwa furaha ambayo sijawahi kuipata katika kufuta kitu. Umeme ukarudi. Tukaweka kopo. Roboti ikaenda, ikasimama, ikaomba. Kimya. Magurudumu yametulia, vidole vinafunga taratibu, vinafunga, vimefunga. Ndiyo. Ikageuka na kopo mkononi! Nilimkumbatia mwenzangu nikamwinua kutoka sakafuni, koti lake la kiume likanifunika uso.

Ilipofika kwenye benchi yeye alikuwa ameshainama anavikagua vidole.

"Na ikikosa?" akauliza.

"Haijakosa."

"Ikikosa itajibu nini? Hapa hatujaandika pa kusema hapana. Mkono ukifunga tu, umeshika au haujashika, unasema ndiyo."

Nilitaka kumwambia aache, saa zilikuwa zinakwenda. Ukweli ni kwamba hapana ilikuwa haijanijia hata akilini. Nani anaitwa, anakwenda, kisha anarudi kusema sikuweza? Lakini alikuwa amekaza macho, na ilikuwa kazi yake. Tulihitaji mkono ujue kama una kitu ndani. Nikavunja kipanya cha kompyuta kilichokufa, nikatoa kile kitufe kinacholia tik ukibonyeza, tukakifunga kwa uzi wa kushonea ndani ya kidole cha bati. Uzi aliutoa yule mama, bado amekasirika, lakini akasimama kutazama. Kopo likishikwa kitufe kinabonyezwa, mkono unajibu ndiyo. Kisipobonyezwa unafungua vidole na kujibu hapana, na magurudumu hayaendi popote. Yanaomba upya.

Tulikuwa bado tunafunga uzi mkuu wa chuo alipoingia. Alikuwa amevaa koti la suti. Nyuma yake alikuwepo mwalimu wa ushonaji na mwalimu wa magari, naye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Walikaa kwenye dawati la mbele, watatu, wamebanana.

Mwenzangu alisimama. Alikuwa amevua lile koti. Alieleza kazi yake tangu mwanzo, wodi, muuguzi, kopo, programu zinazoombana na kujibiana. Kiswahili kilipomkataa alitumia Kirundi na mkuu akaitikia kwa kichwa. Kisha akaiwasha.

Roboti ikaenda. Ikalifikia kopo. Magurudumu yakaomba. Vidole vikafunga, na niliona kabla ya mtu yeyote kwamba kopo limekaa upande. Kidole kiliteleza, kikafunga hewa.

Kwenye skrini likatokea neno moja: hapana.

Na roboti haikuondoka. Ilikaa pale pale. Vidole vikafunguka. Magurudumu yakasogea kidogo, yakajiweka sawa, yakaomba tena. Nilisikia mota inavyonguruma. Vidole vikafunga polepole, kitufe kikalia tik, likatokea ndiyo, na roboti yetu mbaya ikageuka na kopo lake ikalipeleka mpaka kwenye benchi, ikalitua kwa adabu.

Mwalimu wa magari akaruka. "Imekataa! Mmeiona? Imekataa, halafu ikarudia! Haijadanganya!" Alikuwa anampigapiga mgongoni mwalimu wa ushonaji, ambaye alikuwa anapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nalia waziwazi.

"Hongera sana, dada, umefaulu!" mwalimu wa magari akasema, anamnyoshea mkono.

Mwenzangu hakuupokea.

"Oya," akasema, yaani hapana kwa Kirundi. "Samahani, mwalimu. Nisamehe. Si hivyo." Sauti ilikuwa ndogo lakini hakuinamisha kichwa. "Naomba mniulize maswali kwanza. Halafu mtoke nje, mshauriane, kama wanavyofanya. Mkirudi ndiyo mniambie. Kama nimeshindwa mseme nimeshindwa. Nikipewa hongera ya haraka, kesho kwenye basi sitajua ni ya nini."

Mkuu wa chuo alivua miwani, akaifuta kwenye tai, akaivaa. Kisha akauliza. Aliuliza betri ikiisha katikati ya wodi itakuwaje. Aliuliza wakija waombaji wawili kwa pamoja mkono utamsikiliza nani. Mwalimu wa ushonaji aliuliza kama mgonjwa akilala upande wa pili kopo litamfikiaje. Mengine alijibu vizuri. Kwa lile la waombaji wawili alisema, "Hilo sikulifikiria." Nilitaka kuingilia kumtetea, mkuu akaninyamazisha kwa jicho.

Wakatoka nje. Tuliwaona dirishani. Tulidhani ni suala la dakika chache za kuigiza, lakini walikuwa wanabishana kwelikweli. Mwalimu wa magari alichuchumaa akachora kitu mchangani, mkuu akakifuta kwa kiatu, akachora chake. Jua lilikuwa linashuka na geti la kituo hufungwa saa kumi na mbili. Mwenzangu alisimama pale pale mbele ya ubao, hakukaa. Nikamwambia akae. Akasema anayesubiri matokeo hakai.

Walirudi. Mkuu alibaki amesimama.

"Mkono uko polepole," akasema. "Mgonjwa mwenye kiu ya dawa angeshatukana. Waya zako ni fujo, na wewe na mwalimu mwenzako mnajua. Waombaji wawili hukuwafikiria, na katika wodi watakuwepo kumi. Lakini ulisema itabeba kopo, imebeba. Ulisema ikishindwa itasema imeshindwa, na tumeiona inasema. Umefaulu."

"Si kwa kunihurumia, mzee?"

"Binti," mkuu akasema, "mtoto wa dada yangu nimemfelisha hapa hapa mara mbili, na dada yangu hajanisalimia mpaka leo. Nikuhurumie wewe, wewe ni nani?"

Hapo ndipo alipokaa. Alikaa chini sakafuni, karibu na magurudumu, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na hakuna aliyejaribu kumnyamazisha.

Nilimsindikiza kwa haraka, nusu tunatembea nusu tunakimbia, flashi imerudi kwenye fundo lake. Tulipofika geti lilikuwa limeshafungwa. Mlinzi alikuja na tochi ingawa giza lilikuwa bado, akamwangaza usoni, akaona macho mekundu.

"Umechelewa," akasema. "Mwenzetu, basi ni kesho alfajiri na wewe bado unazurura. Umetoka wapi?"

"Nimetoka kwenye mtihani."

Mlinzi alimtazama juu mpaka chini, koti la kiume, viatu vya plastiki. Akaanza kufungua kufuli.

"Haya, umefaulu?"

Niliona anafungua mdomo haraka, kisha anaufunga. Alingoja mpaka geti likafunguka, akaingia ndani, akageuka kutazama nilipokuwa nimesimama barabarani.

"Nimefaulu," akasema.